Mtambo wa Kibera: historia tusiyopenda kuitaja

Huko Bushmills, kaskazini mwa Ireland, kiko kiwanda cha wiski ambacho hujivunia mwaka 1608, mwaka ambao Mfalme James wa Kwanza alimpa bwana mmoja wa sehemu zile leseni ya kukeneka. Mgeni akifika hulipa kiingilio, akapewa mtu wa kumtembeza, akaoneshwa matungi makubwa ya shaba na mapipa ya mbao, kisha akatoka na chupa mfukoni. Nchini Scotland ni hivyo hivyo. Watu ambao babu zao walikeneka kwa magendo usiku mabondeni, wakikimbizana na watoza ushuru mpaka sheria ya mwaka 1823 ilipowarahisishia leseni, leo huwauzia watalii tikiti za kutazama mitambo hiyo. Ulevi wao umegeuzwa urithi, na urithi wao umegeuzwa fedha.

Siyasemi haya kwa kutaka kumpeleka msomaji wangu wa Mombasa, Lamu au Malindi kwenye nyumba ya ulevi. Audhubillahi. Nayasema kwa sababu hapa kwetu Kenya nako upo mtambo wa kale wa namna hiyo, tena uko mjini Nairobi, katika mtaa wa Kibera, na waliouwasha moto wake walikuwa Waislamu wenzetu.

Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wazee. Hata mimi, nilipoyasikia kwa mara ya kwanza, niliyatia katika kapu la uzushi ambao watu wa mjini huwazulia Wanubi. Lakini jambo limo katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni, limo katika vitabu vya wataalamu wa historia, na limo vinywani mwa wazee wa Makina wenyewe. Kulificha hakumsaidii mtu.

Kwanza tujue Wanubi walifikaje hapo. Asili yao ni askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua kuitumikia kampuni ya Waingereza huko Uganda. Mwaka 1897 baadhi yao waliasi kwa kuchoshwa na safari zisizokwisha na ujira mdogo, lakini Waingereza hawakuweza kuishi bila wao, na jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902 Wasudani walikuwa ndio uti wa mgongo wake. Walipozeeka hawakupewa pensheni. Walipewa msitu. Kwa Kinubi msitu ni kibra, na ndipo lilipotoka jina la Kibera. Askari aliyetumikia miaka 12 alipata cheti cha kujenga na kulima, na mwaka 1918 serikali ikatangaza rasmi kuwa eka 4,197 za mahali hapo zimetengwa kwa ajili ya jeshi.

Hapo ndipo mkia wa mambo ulipojikunja. Mwaka 1928 Kibera ilitolewa mikononi mwa jeshi ikawekwa chini ya serikali ya kiraia, na Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ikasema kuwa watu wale ni wapangaji tu, wakaao kwa hiari ya Mfalme. Mpwani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anaelewa maana ya kuambiwa kuwa yeye ni mpangaji, au skwota kama wasemavyo siku hizi, katika ardhi alimozikwa babu yake. Hawakuruhusiwa kujenga watakavyo, malisho yakabanwa, mashamba yakapungua, na mzee aliyempigania Mwingereza dhidi ya Mjerumani huko Tanganyika akabaki na medali na nyumba ya udongo.

Wake zao na wajane wao walikuwa na ujuzi mmoja ambao mji wa Nairobi ulikuwa tayari kuulipia. Walijua kukeneka. Sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika kunywa pombe kali iliyokenekwa. Mzungu alikunywa wiski yake barazani jioni, na mpishi wake akikutwa na kiasi cha kisibodo alifungwa. Basi mpishi yule, pamoja na karani na mpagazi, wakashika njia ya Kibera. Kufikia wakati wa Vita Kuu ya Pili pombe ile ilikuwa mashuhuri mji mzima, na Wazungu waliiita jini ya Wanubi. (Kwa sisi watu wa pwani jina hilo lina maana mbili, na sioni kama yoyote kati ya hizo ilikosea.)

Siku hizi wako vijana wa Kibera wafanyao kazi ya kuwatembeza wageni. Mgeni hulipa, hupitishwa sokoni Makina, hupitishwa kwenye reli, huoneshwa karakana ya kuchonga mifupa ikawa mapambo, kisha akarudishwa hotelini kwake. Nilijiunga na msafara mmoja wa namna hiyo, mimi na Wazungu wanne. Kijana aliyetuongoza alikuwa hodari, mwenye adabu na maneno mengi. Tulipofika kwenye kichochoro kimoja kinachoteremkia mtoni, moshi ukitoka nyuma ya mabati, alisimama akasema: "Na hapa ndipo wanapopika chang'aa." Wageni wakatoa simu wakapiga picha za mabati. Mmoja akauliza kama inaruhusiwa kuonja. Kijana akacheka. Tukaendelea.

Dakika mbili, basi! Kule Bushmills mgeni husimuliwa habari za mfalme na leseni na mashayiri kwa muda wa saa nzima. Huku kwetu moshi ule, ambao ndani yake mna habari za jeshi na za ahadi iliyovunjwa, ulipewa dakika mbili na kicheko. Sikumlaumu kijana, kwani hakuna aliyemfundisha zaidi.

Niliporudi peke yangu siku ya pili, nilipelekwa kwa bibi mmoja wa Makina, umri umekwisha kumpita themanini. Alinipokea ukumbini, amevaa gurbaba yake, ukutani zimetundikwa kawa za rangi ambazo wanawake wa Kinubi huzifuma. Aliniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia ni Mombasa alisema, "Ahsante, mwanangu, basi tutasemezana," na hapakuwa na haja ya kuzungukazunguka.

Mama yake alikuwa na mtambo. Alinieleza ulivyokuwa, akichora kwa kidole juu ya mkeka. Mtama ulioota au sukari nguru huloweshwa kwa maji na kuachwa uchache siku kadhaa mpaka upige mapovu. Hiyo ndiyo kangara. Kangara hutiwa chunguni, juu hufunikwa, na pande zote huzibwa kwa udongo au unga wa kukanda ili mvuke usiponyoke. Mrija hupitishwa katika maji baridi. Moto uwe wa wastani, maana ukizidi kangara hufurika ikaharibu kila kitu. Matone ya kwanza humwagwa. Yafuatayo hukingwa. Ya mwisho, ambayo ni maji maji, hurudishwa chunguni kupikwa tena. Yeye alikuwa mtoto, kazi yake ilikuwa kukaa juu ya kichuguu na kuimba akiwaona askari.

Nikamuuliza, kwa heshima, kama mama yake hakuwa akijua kuwa jambo lile ni haramu.

"Alijua vizuri kukushinda wewe," alinijibu. "Hakuionja hata siku moja. Akimaliza kazi aliosha mikono mpaka viwiko, akabadili nguo, akasali. Alilia mara nyingi. Na mwalimu wetu wa chuo alijua ada yetu inatoka wapi. Alikuwa akiipokea kwa kitambaa."

Kitambaa hicho sijaweza kukisahau. Sote tumefundishwa kuwa katika ulevi waliolaaniwa si mnywaji peke yake, bali ni kumi, wakiwamo akamuaye, achukuaye, auzaye na alaye thamani yake. Mwalimu yule bila shaka alilifundisha hilo darasani, mbele ya watoto wale. Kisha akanyoosha mkono wenye kitambaa. Sisemi haya nipate kumhukumu maiti. Yeye naye alikuwa na watoto, na hapakuwa na fedha nyingine katika Kibera nzima.

Liko jambo jingine ambalo Mwislamu hana budi kulikumbuka kabla ya kuwatupia mawe wanawake wale. Ujuzi wenyewe wa kukeneka ulikuzwa na watu wetu. Jabir bin Hayyan katika karne ya 8, na Al-Kindi katika karne ya 9, waliandika juu ya kuchemsha kitu na kukusanya mvuke wake. Al-Kindi ana kitabu kizima cha manukato. Chombo chenyewe Wazungu hukiita alembiki, ambalo ni neno la Kiarabu, al-anbiq, lililotoka kwa Wayunani. Alkoholi nayo imetoka katika al-kuhl, wanja huu huu wa machoni. Araki ni jasho, kwa kuwa chombo hutoa matone kama paji la uso la mtu mwenye homa, na mimi naamini kuwa waragi ya Uganda imetoka katika neno hilo, ingawa wapo wanaosema ni maneno ya Kiingereza yaliyokatwa vipande. Jamaa zetu walioko Oman wanalijua hili kwa macho yao: kila mwezi wa Aprili, juu ya Jabal Akhdar, mawaridi hupikwa katika vyungu juu ya meko ya udongo, yakatoka maji yale yanayotiwa katika mrashi wa arusi. Kwa chungu kimoja na moto mmoja, mmoja hutoa marashi na mwingine akatoa uharibifu. Hata tembo la mnazi la huku kwetu, likiachwa siku kadhaa hugeuka siki, na siki ni halali mezani.

Kwa hiyo ubaya haumo katika chungu. Umo katika yale yanayomlazimu mtu kutia kitu fulani ndani yake. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kuwa jambo hili lingekwisha kama polisi wangeongezwa.

Tazama yaliyopita. Mkoloni alikataza, pombe ikazidi. Mwaka 1965 Uganda ilijaribu njia yake: ilitunga Sheria ya Enguli, mkenekaji akatakiwa awe na leseni na auze kwa kiwanda, nacho kiwanda kisafishe na kutia chupani, ndiyo Uganda Waragi hiyo mpaka leo. Sisi Kenya mwaka 1980 tulitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa moja kwa moja. Kwa miaka 30 sheria hiyo ilimlisha askari mla hongo kuliko ilivyomzuia mlevi. Mwaka 2010 ikafutwa, ikaletwa ile iitwayo sheria ya Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati ule, ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na iuzwe katika chupa yenye kibandiko. Mama wa Makina hana kiwanda wala kibandiko. Leseni ilikwenda kwa wenye mitaji.

Wanazuoni wetu hutukumbusha kuwa pombe yenyewe haikuharimishwa kwa siku moja. Kwanza watu walielezwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Baadaye wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa. Mwisho ikakatazwa kabisa, na siku hiyo watu wa Madina waliimwaga ikatiririka njiani, bila ya kusimamiwa na askari hata mmoja, kwa kuwa nyoyo zilikuwa zimekwisha kutayarishwa. Sheria yetu ya mwaka 1980 haikutayarisha moyo wala tumbo la mtu.

Kutoka Kibera nilikwenda Kawangware. Ukivuka Barabara ya Ngong na kufuata ile ya Naivasha hukawii kufika. Nilitaka kuona kama ujuzi wa Wanubi umefika huko, kwani niliambiwa kuwa Kawangware leo inaishinda Kibera kwa biashara hii. Nilichokikuta kilinitisha. Ukingoni mwa kijito kulikuwa na mapipa mawili meusi, maji ya kijito yenyewe rangi ya mafuta, na vijana watatu wanaochochea moto kwa vipande vya mpira wa gari. Hao angalau walikuwa wakipika. Juu yao, kwenye vibanda vya mama pima, kilichokuwa kikiuzwa zaidi hakijapikwa na mtu yeyote. Ni spiriti ya viwandani iliyoletwa usiku kwa madumu, ikachanganywa na maji bombani. Hapana kangara, wala chungu, wala bibi wa kumwaga matone ya kwanza.

Hili linataka kuelezwa sawasawa, maana wengi hulikosea. Watu husema kuwa chang'aa huua kwa kuwa imepikwa vibaya. Iliyopikwa kwa sukari au nafaka ina uchafu wake na madhara yake, nayo huwamaliza watu polepole, lakini yanayoua watu kwa makundi kwa usiku mmoja kwa kawaida ni methanoli, alkoholi ya viwandani itumikayo katika rangi na viyeyusho, ambayo mfanyabiashara huiongeza ili kupata ukali kwa bei rahisi. Haina rangi ya kuitambulisha, na mlevi hawezi kuitofautisha kwa ulimi. Mwilini hugeuka asidi inayoua mishipa ya macho kwanza. Kiasi cha vijiko viwili vya chai chaweza kumpofusha mtu.

Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru hapo hapo Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wengi wakatoka hospitalini wakishikwa mkono, wamepofuka. Mwaka 2005 ikawa Machakos, karibu watu 50. Mwezi wa Mei 2014 ikawa katika kaunti kadhaa kwa mara moja, Embu na Kitui zikiwamo, waliokufa wakazidi 70. Mwezi wa Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, na serikali yenyewe ikasema kuwa pombe iliyowaua ilikuwa kidhibiti kilichoibwa kutoka kituo cha polisi. Tafakari, ewe msomaji: iliyokamatwa na sheria ndiyo iliyorudi kuua.

Bibi wa Makina aliposikia habari ya madumu ya Kawangware alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa mama yake alikuwa mwenye dhambi, lakini aliwajua wateja wake kwa majina, na kama mmoja wao angekufa angehudhuria matanga. Sikupata la kumjibu.

Sasa, tufanyeje? Wako watakaosema kuwa Wanubi wamekwisha kupata haki yao, kwani mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hatimiliki. Ni kweli, na ilikuwa siku ya furaha Makina. Lakini hati ile ni ya eka 288. Toa hizo katika 4,197 uone kilichobaki. Na kwa miaka mingi kijana wa Kinubi, kama kijana wa Kiislamu wa pwani, alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa babu yake alizaliwa wapi; suala la watoto wa Kinubi na uraia lilifika hadi kwenye kamati ya Afrika ya haki za watoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kuwa Kenya imewakosea. Asiye na kitambulisho haajiriwi, hafungui akaunti, hapewi mkopo. Anakaribishwa na wachochea moto wa mtoni.

Wenzetu wa misikiti ya Mombasa na Nairobi hukusanya zaka na sadaka kila Ramadhani. Unga, mchele na tende hugawiwa, mwezi ukaandama, kila mtu akarudi nyumbani kwake. Mimi nasema sehemu ya mali hiyo itolewe kwa wanawake wa Kibera na Kawangware walio tayari kuuacha mtambo, si kwa pishi za mchele bali kama mtaji, tena waisimamie kamati za wanawake wenyewe. Mahubiri ya Ijumaa juu ya ubaya wa ulevi hayana kasoro, ila wanaoyasikia ni wale waliokwisha kuacha.

Na historia yenyewe iandikwe. Wazee wanaokumbuka mambo haya wanapungua kila mwaka. Kijana anayewatembeza wageni angepewa karatasi mbili tu zenye habari za msitu, za cheti cha miaka 12 na za tume ya 1934, angekuwa na la kusema zaidi ya kuelekeza kidole kwenye moshi. Sitaki mtambo wa Kibera uwekewe tikiti kama ule wa Bushmills. Nataka anayepita hapo ajue ni nani aliyeuwasha, na ni nani aliyemfikisha mahali pa kuuwasha.

Kule Kawangware nilizungumza na mama pima mmoja, mjane wa makamo, asiye Mwislamu. Nilimuuliza angehitaji nini ili afunge kibanda chake. Nilidhani atataja fedha za kunitoa jasho. Alihesabu kwa vidole: jiko la makaa, chuma cha kupikia chapati, gunia la unga, mtungi wa mafuta, na kodi ya miezi miwili ya sehemu ya kuuzia karibu na kituo cha matatu, ambako wanakanjo hawamfukuzi mtu aliyelipa. Halafu akarudi ndani, maana mteja alikuwa amekwisha kuita.